Nyimbo za Kumwonjesha Priscilla

Wifi yangu Priscilla alikuwa amekwisha kusema, na Priscilla akisema huwa amefunga fundo. Harusi ya mjukuu wangu Linet hatakuja ikiwa kutapigwa miziki ya spika. Ngoma, sawa. Kwaya ya kanisa, sawa. Spika, hapana.

Angekuwa mgeni wa kula pilau tu, tungesikitika tukanyamaza. Lakini kwetu bibi harusi hatoki nyumbani kabla mkubwa wa ukoo hajatia maji kinywani, akampulizia kifuani, na papo hapo akamnenea mema. Marehemu mume wangu Kalama angekuwa hai, kazi hiyo ingekuwa yake. Hayupo, na nduguye aliyebaki ni huyo Priscilla.

Hasira zake zina asili. Katika harusi ya binti wa jirani yetu Kahindi, yeye ndiye aliyeombwa kupuliza maji. Akayatia kinywani, mashavu yakavimba kama ya mtu mwenye jino bovu, akangoja muziki ukome ili maneno yafuate. Muziki haukukoma. Akapunga mkono kumwashiria mpigaji. Yule kijana akadhani bibi anacheza, akaongeza sauti. Mwishowe Priscilla aliyameza. Tangu hapo, kila akisikia binti wa Kahindi ana homa au kuku wake wamekufa, husema ni yeye aliyemeza baraka ya mtoto wa watu.

Na Linet naye, muziki ndio kazi yake. Huwapigia wageni muziki katika hoteli moja ya Kikambala, na huko ndiko alikokutana na Kioko, mpishi, mwana wa Mwikali kutoka Ukambani. Kumwambia Linet aolewe bila spika ni kama kumwambia fundi cherehani aolewe na nguo ya kuazima.

Alikuja kwangu huku ndani ya Gongoni Jumapili jioni, akaketi nami mkekani. Akaniuliza, akiniita bibi kwa lugha yetu, "Hawe, ni wimbo gani nikimpigia Hawe Priscilla atauelewa?"

Nilimwambia asimwendee peke yake, maana Priscilla akiwa peke yake ni ukuta. Kesho yake, alasiri, tungekaa wanawake uwanjani pangu kushona makuti, na Priscilla hakosi makuti. Alete spika yake, atuonjeshe kidogo kidogo. Mgeni humwanzishii pilipili.

Basi tukachagua. Simuni mwake mna nyimbo nyingi kuliko punje za mtama. Wa kwanza ulikuwa na kijana aliyesema mbio kama aliyefukuzwa na nyuki, nikaukataa. Wa pili ulitoka Nigeria. Sikupata hata neno, lakini kidole changu cha mguu kilitikisika, nikakifunika na leso. Wa tatu ulikuwa wa mwanamke aliyeimba polepole, ila sauti yake ilikuwa na mawimbi ya ajabu. Nikauliza kama ana mafua. Linet alicheka, akanieleza kwamba sauti za siku hizi hupitishwa mashinini zikalainishwa, kama unga unavyochungwa.

Lakini ule aliousifia zaidi ulikuwa wa kijana wa pwani hii hii, amsifuye mama yake. "Tuanze na huu, Hawe. Ndani mna ngoma zetu. Huu hawataukataa." Mimi katika kile kisimu nilisikia sauti ya kijana, na chini yake kitu kikigonga kama ukucha juu ya mkebe. Nikasema haya.

Jumatatu tuliketi. Majani ya mnazi nilikuwa nimeyaroweka tangu asubuhi ili yasipasuke, fito nimezipanga, kamba tayari. Kadzo, jirani yangu wa upande wa kisima, alikuja mapema kama kawaida yake ya kuwahi chai. Priscilla akaja baadaye na kigoda chake mwenyewe, maana havipendi vya watu. Linet alimpa shikamoo kwa magoti, akaitikia marahaba, kisha akakitazama kile kisanduku cheusi cha spika nilichokifunika kwa kanga.

Makuti yana mwendo wake. Unakunja jani juu ya ufito, unapitisha kamba, unavuta. Kunja, pitisha, vuta. Tulipokuwa tumeshika mwendo, Linet akafunua spika akaanza.

Kumbe ile simu ndogo ilikuwa imenificha mengi. Ngoma ilitoka chini ya ardhi, nzito, ikisita na kurudi, ikisita na kurudi. Mikono yote ilisimama. Ile ni ngoma ya hanga, ya matanga, na kwetu haipigwi ila kuna maiti ndani. Mara ya mwisho kupigwa katika uwanja ule tulikuwa tukimlilia Kalama. Priscilla alivuta leso yake akajifunika kichwa, kama afanyavyo mfiwa.

"Nani amekufa?" akauliza, kwa sauti ndogo.

Linet akazima. "Hakuna, Hawe."

"Basi maiti mwamwita atoke wapi?"

Maskini mtoto, midomo ilimkauka. Yeye alilelewa mjini, Shella ya Malindi, na babu yake alipozikwa alikuwa mdogo mwenye surua, akaachwa kwa majirani. Ngoma ile hakuwahi kuisikia. Alituomba radhi, akasema huenda aliyetengeneza wimbo aliipenda sauti yake tu, asijue ni ya nini. Priscilla alikuwa akikusanya kamba zake. Niliiona harusi ikiondoka naye.

"Wifi," nikamwambia, "hilo kuti umelifikisha nusu. Litafumuka."

Hakuna mwanamke kwetu aachaye kuti nusu. Alilitazama kama aliyesalitiwa nalo, akaketi tena, upande.

Nikamgeukia Linet. "Usitutafutie wimbo wenye vitu vyetu. Vyetu twavijua. Tutafutie unaokwenda na mikono."

Akatazama mikono yetu kwa muda. Akajaribu ule wa Nigeria, kwa sauti ya chini. Kadzo aliufuata mbio, akakunja, akapitisha, akavuta, mpaka kamba ikamkamata kidole gumba akawa ameshonwa pamoja na ufito.

"Huu ni wa mtu ambaye nyumba yake yavuja," akasema Kadzo, nasi tukacheka. Priscilla hakucheka, lakini bega lake lilitikisika.

Ndipo Linet akaweka ule wa mwanamke wa polepole. Kadzo aliuliza yale yale ya mafua, akajibiwa. Wimbo ulikunja nasi, ukapitisha nasi, ukavuta nasi. Nilimtazama Priscilla kwa pembe ya jicho. Kuti lake lilikuwa limekwisha, naye alikuwa ameanza jingine.

Katikati ya wimbo akainua mkono kidogo. "Asema amefanya nini na mlango?"

Kabla hajamaliza kuuliza, Linet alikwisha gusa kitufe, muziki ukashuka ukawa kama mtu anong'onaye chumba cha pili. Akamjibu kwamba mumewe amekwenda kazi mbali, naye kila jioni hautii mlango komeo, asije akarudi akabisha bure.

Priscilla hakuwa akiusikiliza mlango tena. Alikuwa akikitazama kitufe.

"Kumbe hunyamaza?"

"Hunyamaza, Hawe. Ukigusa hapa tu."

"Na yule wa kwa Kahindi?"

"Yule hakuwa akiwatazama watu. Kazi hii ni macho kwanza, kidole baadaye."

Priscilla akashona kidogo, akafikiri. "Siku hiyo wewe utakuwa bibi harusi, umefunikwa. Macho yatakuwa ya nani?"

Linet alinitazama mimi, nami nikatazama makuti yangu, maana jibu halikuwa langu.

"Kilete," akasema Priscilla.

Linet akakileta kisanduku akakiweka karibu na kigoda. Akamshika wifi yangu kidole, akamwonyesha: huku sauti hupanda, huku hushuka, mpaka ikaisha kabisa. Priscilla alipandisha akashusha, akapandisha akashusha, na yule mwanamke wa mafua akaja na kuondoka kama afukuzwaye na kuitwa. Kisha akaniomba maji.

Nilimpa kikombe. Akapandisha sauti mpaka kuku wakakimbilia nyuma ya jiko, akajaza maji kinywani, mashavu yakavimba. Kadzo akaacha kushona. Priscilla akamtazama Linet kwa muda, halafu bila kukitazama kitufe akakigusa, na uwanja wote ukanyamaza, ukasikia majani yakidondosha maji.

Tukangoja. Priscilla akayameza.

"Haya ya leo ni ya kiu," akasema. "Ya harusi nitakuja nayo. Na ule wimbo wa maiti uutoe humo, nitakuwa nimekaa hapa hapa karibu na kitufe."