Mto wa Ndoo Mbili

Mwalimu Eliakimu alipoomba maji ya mto, mkewe aliendelea kupepeta mchele kana kwamba hakusikia. Alisikia. Newala neno maji halipiti sikioni mwa mwanamke bila kupokewa.

"Ndoo ngapi?" Agnes akauliza hatimaye.

"Tatu. Zikizidi sana, nne."

"Mbili."

"Mama Witness, mto gani wa ndoo mbili?"

"Na garimoshi gani la makopo? Miaka miwili unapanda nondo mahali ambapo wenzako wanapanda kunde, nimenyamaza. Kisima chetu cha maji ya mvua kimebaki robo na mvua bado haijatuma hata salamu. Ndoo mbili, Baba Witness. Siku utakayoniomba ya tatu, reli zinang'oka, nami napanda matembele yangu."

Julia, mdogo wake Agnes, aliyekuja kutoka Chiwata kuwasaidia kuokota korosho, alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Kubali, shemeji. Reli ya Mwingereza iling'olewa huku Kusini na hatukupata hata mboga. Yako angalau itaacha matembele."

Neno hilo lilimchoma kuliko alivyotaka kuonyesha. Baba yake alikuwa fundi katika reli hiyo, na hata ilipokwisha kung'olewa, mzee hakuacha kuipanda kwa mdomo. Kila jioni garimoshi lake lilipita juu ya daraja, maji yakinguruma chini, abiria wakitoa vichwa madirishani. Eliakimu alikuwa bado anabebwa mgongoni siku hizo, hakuona chochote. Ndiyo maana alipostaafu kufundisha ufundi alianza kuijenga mwenyewe: mita kumi na nane za nondo nyembamba kuzunguka bustani, kichwa cha kopo la maziwa chenye mota ya redio kaseti, na mabehewa matatu ya makopo ya samaki. Daraja lilikuwa tayari. Ulibaki mto, na bila mto daraja ni benchi tu.

"Nakubali," akasema. "Na hayatapotea hata tone. Yanashuka, pampu inayarudisha juu, yanashuka tena. Ni yale yale yanazunguka."

"Kama maneno yako," Agnes akasema, akaurudia mchele wake.

Basi akashuka Masasi, akarudi na pampu ya ukubwa wa ngumi, ile ya matangi ya samaki wa mapambo, akaifunga kwenye kipande cha sola. Udongo mwekundu wa Newala hunywa maji kama mtu aliyetoka kucheza ngoma, kwa hiyo alitandika turubai kwenye mfereji, akaukandika juu kwa udongo wa kichuguu, ule ule wa kukandikia nyumba. Akausindilia kwa kiganja siku tatu, akapaka kila ufa ulipojitokeza. Julia alipita na kikapu cha korosho, akamkuta amepiga magoti, matope hadi viwikoni.

"Shemeji, ungemkandikia dada jiko kwa bidii hiyo, leo ungeombwa wewe uchukue ndoo tano."

Jumamosi asubuhi Agnes alizileta ndoo mbili yeye mwenyewe, akazimimina polepole kwenye bwawa dogo la chini. Eliakimu akageuza sola kwenye jua. Pampu ikakohoa, ikatema hewa, halafu maji yakapanda bombani, yakatokea juu ya jiwe, yakaanguka. Chururu. Yakapita chini ya daraja, yakarudi bwawani, yakapanda tena.

Eliakimu alisimama akisikiliza. Hata Agnes alisahau kusema kitu. Kisha akakumbuka: "Mekundu kama chai."

"Yatatulia. Subirini, nalileta garimoshi."

Akaingia stoo. Nyaya za betri zilikuwa zimeshika kutu, ikabidi azisugue kwa msasa, na mtu anayesugua kwa msasa hasikii ya nje.

Na ya nje yalikuwapo. Bomba la mtaa lilikuwa halijatoa maji kwa wiki ya tatu, na katika hali hiyo masikio ya mtaa mzima huwa yamekaa chonjo. Mama Khalfan, jirani wa nyuma ya ua wa mabua, alikuwa anamenya muhogo. Alisikia chururu. Hakuuliza ni nini. Maji yanayoanguka hayana maelezo mengi. Alitupa kisu, akanyakua ndoo, akapaza sauti: "Jamani, yametoka! Yametoka kwa mwalimu!"

Eliakimu alipotoka stoo akiwa amelikumbatia garimoshi lake, alikuta wanawake watano bustanini. Walikuwa wamejipanga foleni nzuri, yenye adabu, na kichwa cha foleni kilikuwa bwawani. Mama Khalfan alikuwa anachota kwa kata, akikwepa daraja kwa uangalifu mkubwa.

"Shikamoo, mwalimu," wakasema wote kwa pamoja.

"Marahaba," akajibu, garimoshi bado kifuani.

Kata ikagusa chini. Pampu ikavuta hewa, ikakoroma, ikanyamaza. Juu ya jiwe lilining'inia tone moja, likafikiri, likaanguka.

"Yamekatika!" akalalamika wa tatu kwenye foleni. "Mgao gani huu? Hata ndoo mbili hayakufika!"

"Mbili yalifika," Eliakimu akasema. "Mbili kamili. Ulikuwa mto wangu."

Mama Khalfan alitazama ndoo yake, akatazama reli, akatazama garimoshi mikononi mwa mwalimu. "Nimebeba mto?" akauliza. Kisha akaziba mdomo kwa khanga, mabega yakaanza kumtikisika, na foleni nzima ikafuata.

Eliakimu alimgeukia mkewe, aliyekuwa mlangoni tangu mwanzo. "Mama Witness, uliwaona wakiingia."

"Walipiga hodi. Wakaniuliza, tuchote? Nikasema choteni." Agnes hakucheka. "Mtu amesimama na ndoo mkononi, nimwambie nini? Maji yapo, lakini ni ya garimoshi la makopo?"

Mama yake Eliakimu alikuwa akiteremka bondeni alfajiri na kupanda na mtungi jua likiwa kichwani, na hakuwahi kumnyima jirani.

"Mwalimu, tunayarudisha," Mama Khalfan akasema akifuta machozi ya kicheko.

"Acheni. Yakishaingia ndooni ni yenu."

Agnes akasubiri. Kisima kilikuwa hatua kumi kutoka hapo, na kila mtu alimwona Eliakimu akikitazama. Neno moja tu, ndoo ya tatu, lingemrudishia mto na kumwondolea reli. Julia alikwishatua kikapu chake ili asikie vizuri. "Omba, shemeji," akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi njiani. "Mbegu za matembele ninazo Chiwata."

Eliakimu akachuchumaa, akaliweka garimoshi juu ya reli. "Siombi," akasema. "Litapita hivyo hivyo. Juu ya mto mkavu."

Alitegemea wamcheke. Badala yake Mama Khalfan akasogea, akainama juu ya mfereji. "Kwani mwezi huu mto gani una maji?" akasema. "Kule bondeni sasa hivi ni mchanga mtupu. Huu wako wa asubuhi ndio uliokuwa wa uongo."

Agnes akachukua kata, akaenda pembeni mwa ua palipobaki mchanga mweupe wa kujengea, akarudi nayo imejaa, akaimwaga mferejini. Akaleta ya pili, ya tatu, akaisawazisha kwa kiganja. Katikati akachimba kishimo kwa kidole, kama vile wanavyochimba mchangani watu wanaotafuta maji kiangazi.

"Kama ni mto, uwe mto," akasema. "Reli zibaki. Mvua ikinyesha na kisima kikifurika, kinachomwagika ni chako. Kabla ya hapo, hakuna hata kikombe."

"Kisima kikifurika," Eliakimu akarudia.

Akaunganisha nyaya. Mota ikalia, mabehewa yakagongana, garimoshi likaanza kupanda daraja likiyumba. Wanawake walitua ndoo zao chini ili waone vizuri, na Mama Khalfan akakielekezea kidole kile kishimo cha mchangani.

"Dereva, piga honi!" akapiga kelele. "Chini huko kuna watu wanachota!"