Mlango Haumwamini Shangazi

Usiku wa jana niliota niko kwenye chumba cha uani, humu walimonitenga kwa ajili ya korona, na mlango umekataa kufunguka.

"Shikamoo," nikauambia. Mimi hata mlango nauonea haya.

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

Nikaueleza. Leo ni arobaini ya mtoto wa kaka yangu, na kwetu shangazi ndiye humtoa mtoto nje mara ya kwanza. Shangazi mwenyewe ni mimi tu. Wageni wameshakaa. Sufuria la pilau linaniita kwa jina.

"Homa imeondoka?"

"Imeondoka."

"Imeondoka yenyewe, au umemeza kidonge?"

Nikatazama chini. Chini ya kitanda amekaa Homa, mama mnene anayetoka jasho, na kidonge kimesimama mbele yake kinamficha kwa kanga.

"Shoga, tumeonekana," kidonge kikamwambia.

"Homa aende mwenyewe," mlango ukasema. "Kisha mchana mzima upite, na usiku mzima upite, bila kidonge na bila yeye kurudi. Na kikohozi kiwe kinapungua."

Nje wifi yangu Zuwena anapiga kelele: "Wifi, toka basi! Watu wananitazama mimi!"

Nikaanza kulia. Mtoto akachungulia dirishani.

"Shangazi, mimi nimekaa ndani siku arobaini na sikulalamika. Wewe pupa ya nini?"

"Watu watasema."

"Waseme. Arobaini ni yangu, naisogeza mbele."

Wageni wakapiga vigelegele, wakala pilau, wakaenda zao.

Sasa chumba ni stendi ya mabasi. Homa anafunga mizigo yake. "Hapa sipati hata chai," anasema, na anatokea kwenye tundu la ufunguo, mzimamzima. Kisha anapita Mchana, mzee mwenye mwavuli, hana haraka hata kidogo. Nyuma yake anakuja Usiku akiburuta ndala. Nawapisha wote wawili. Nakohoa mara moja, na kikohozi kinaniomba radhi.

"Barakoa," mlango ukasema.

Nikavaa. Ukafunguka.

Nikampokea mtoto, nikavuka naye kizingiti kwa mguu wa kulia. Nje palikuwa soko la samaki, na hakuna aliyeshangaa. Mtoto akalitazama jua.

"Kumbe ndilo hili," akasema, kisha akanicheulia begani.

Nikaamka. Wifi alikuwa akigonga mlango.

"Wifi, umeamkaje? Utaweza leo?"

"Sina homa," nikasema, "lakini jana jioni nilimeza kidonge. Tumtoe kesho."

Nikajua anawaza wageni.

"Haya," akasema. "Kesho. Hakuna mwingine wa kumtoa."

Nikajifunga kanga vizuri. Begani palikuwa na doa bichi, na pua yangu, ambayo wiki nzima haikusikia hata vitunguu vikikaangwa, ikasikia harufu ya maziwa.