Joho Lililokataa Kuwa Zima

Jana mchana niliota nimelala juu ya kazi ya mteja, na kweli nilikuwa nimelala juu ya kazi ya mteja. Nasema mapema ili mtu asidhani nilikuwa nimekula kitu. Nilikula wali na mchuzi wa kunde, kama siku zote.

Mimi ni Mbaruku, fundi cherehani wa Ngamiani, hapa Tanga. Kazi yenyewe ilikuwa joho la mtawa Sumana, Mbudha kutoka Sri Lanka, mtu mpole anayenisalimu vizuri kuliko majirani zangu. Aliniletea kitambaa kipya cha rangi ya manjano iliyoungua, kisicho na doa, akaniambia, "Fundi, kikate vipande vipande, kisha uviunge tena. Ndiyo sharti letu."

Nikamjibu nimesikia. Moyoni nikasema, hata kidogo. Kitambaa kizuri namna hii nikichanechane kama matambara? Niliamua kumshonea joho zima, pindo tupu, nikiamini atanishukuru. Fundi anayejiheshimu angefanya vivyo hivyo.

Hata hivyo sikuwa na raha. Binti yangu Saumu alikuwa ndani anafunga begi. Ugomvi wetu ni mshono wa shingoni mwa kanzu, ule aliotuachia marehemu baba yangu. Saumu alitaka kuutia kwenye magauni ya kike. Nikamwambia mshono wa babu yake hautoki kwenye kanzu maadamu mimi niko hai. Akasema basi atakwenda kushona Mombasa, na mkasi wake akautia begini. Akiondoka na kinyongo akauacha mshono ule, hakuna mwingine anayeujua, na mimi macho yameanza kunidanganya.

Basi nimelala. Kitambaa kinanigusa shavu.

"Fundi, nikate."

"Kitambaa kizuri hakikatwi ovyo."

"Haya. Nakwenda hivi hivi, aibu itakuwa yako."

Kinajitupa begani, ingawa hakuna bega, na kutoka mlangoni. Nachukua futi kamba ya marehemu baba na kukifuata mbio, maana mali ya mteja haijapata kunipotea.

Nje, Ngamiani haipo. Kuna mashamba ya mpunga, majaruba kwa majaruba, na matuta yamenyooka kama yamepigwa chaki. Kitambaa kinalala juu yake kidogo. Kinapoinuka kimekwisha kuwa joho la vipande, na kila tuta limekuwa mshono.

"Nani kakukata?" nauliza.

"Shamba," joho linajibu. "Hapa India ndipo nilipozaliwa. Nguo iliyokatwakatwa mwizi haitaki, na mwenyewe hana cha kuringia."

Futi kamba inakohoa. Ina sauti ya baba yangu. "Sawa," inasema. "Ila lisibadilike tena."

Pembeni naona kiti kimewekewa maua, na mbele yake nyayo mbili zimechongwa kwenye jiwe. Miguu inaniuma, nataka kukaa.

"Pana mtu," kiti kinasema.

"Simwoni."

"Ndiyo. Huku Mwalimu wa watawa hatumchongi sura. Tunamwekea nafasi."

Naomba radhi na kubaki nimesimama. Karibu na sufuria amekaa Saa Sita ya mchana, ana fimbo. Mtawa akichelewa kula hadi mchana upite, tonge linatoka mkononi na kurudi sahanini lenyewe. Hakuna anayelalamika.

Napepesa macho, na majaruba yamekuwa milima mikavu. Kiti ni kile kile, lakini sasa kimekaliwa na mtu wa jiwe, na nguo yake ina mikunjo ambayo sikuiona kule mashambani.

"Mikunjo hii ya wapi?"

"Ya Uyunani," kiti kinasema kwa kujikaza. "Walipita mafundi wa huko. Na watu wa hapa walitaka kuuona uso. Mkaaji wangu ni mzito, lakini nimezoea."

Nitasema kweli, mikunjo ile niliihusudu. Jiwe limeanguka magotini kama kitambaa chepesi cha melimeli. Nimeshona miaka thelathini na sita na sijawahi kulifikia.

"Wageni wameingiza mikono," futi kamba inanong'ona kwa hasira.

Joho haliisikii. Linapanda kwenye theluji, na ninapolifikia limekuwa la sufu nene, jekundu la kuiva. "Nimepigwa baridi," linasema, bila aibu yoyote. Mlangoni pa nyumba ya watawa kuna gurudumu la shaba linazunguka.

"Hodi," nasema.

"Siwezi kuongea," gurudumu linasema, "nasali."

"Unamwombea nani?"

"Anayenisukuma. Sukuma."

Nasukuma. Halinishukuru, linaendelea na sala.

Tunateremka upande wa pili, China, na huko watawa wameshika majembe. Joho linanieleza kwamba India watu waliwajazia watawa bakuli, lakini huku asiyelima anaonekana mvivu, kwa hiyo wanalima. Ndipo naona limeota mikono, mirefu, ya kuingia mtu na ndugu yake.

"Mikono!" futi kamba inalia. "Joho lina mikono!"

Saa Sita naye amefika. Anatetemeka, na fimbo ameipoteza njiani. Jioni kengele inalia, uji unapakuliwa, na yeye ndiye wa kwanza kupokea bakuli. Namkazia macho.

"Hiki si chakula," anasema huku anapuliza. "Ni dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya njaa."

Watawa wanaitikia kwa vichwa. Nilitaka kucheka, kisha nikaona walivyoshika bakuli kwa mikono miwili na kunywa kimya kimya, kama wagonjwa kweli. Watu wanaolima tangu alfajiri na bado wanaionea haya saa sita, hao hawajatupa kitu. Niliwaheshimu sana.

Naingia kwenye mkono wa joho kutafuta njia ya kurudi nyumbani, natokea Japani.

Bibi mmoja amekaa kwenye mkeka anashona kitu kidogo chenye kamba ya kuning'iniza shingoni.

"Shikamoo bibi. Nalitafuta joho la mteja wangu."

"Marahaba. Hili hapa."

"Hili? Hili ni la kumfunga mtoto asichafuke akila."

"Watu wana kazi, wana ndoa, wana watoto," anasema. "Joho kubwa linanasa mlangoni. Hili wanakwenda nalo popote."

Hapo futi kamba inaangua kilio, kwa sauti ya baba kabisa. "Limekwisha! Limebaki kiraka!"

"Pima," bibi anasema.

Futi kamba inajinyoosha. Inapima mara tatu, kama baba alivyokuwa akipima. Majaruba yote yapo, madogo kama kucha, na kila tuta liko mahali pake. Rangi imekwenda, ukubwa umekwenda, sufu na mikono vimekuja na kuondoka. Kukatwa na kuungwa hakujaondoka popote.

"Mshono ni ule ule," futi kamba inasema, na kujiviringisha mfukoni mwangu.

Maishani mwangu sijawahi kumsikia baba akikubali kwamba amekosea. Nikalia hapo hapo, mbele ya bibi wa watu.

Yeye ananiacha nilie. Anakigeuza kijoho chake na kushona kwa nyuma, panapokaa shingo, kijitawi cha mti wa nchi za baridi kwa uzi wa kijani.

"Hicho cha nini, bibi?"

"Mvaaji hakioni. Lakini anajua kwamba nyuma yake kuna watu. Geuka."

"Mimi si Mbudha."

"Najua. Wewe ni fundi. Geuka."

Nageuka. Sindano ni ya baridi.

"Baba, amka. Naondoka."

Saumu alikuwa amesimama na begi lake. Kitambaa kilikuwa chini ya kichwa changu, kizima, na alama ya shavu langu katikati. Akainama kunipa mkono wa kwaheri, akasita.

"Baba, nani kakutia hii shingoni?"

"Ipi?"

"Nyuma ya kola. Kijitawi cha uzi wa kijani." Akaupitisha ukucha juu yake. "Mbona kazi nzuri hivi? Hata ndani hakina fundo."

Shati lile nilikuwa nimelipiga pasi mwenyewe asubuhi. Uzi wa kijani ulikwisha dukani tangu Idi. Nikapeleka mkono nyuma ya shingo, nikakigusa, na kilikuwa bado cha baridi.

"Toa mkasi begini," nikamwambia.

"Baba, basi litaniacha."

"Tukate kwanza majaruba ya mtawa, mimi na wewe. Kisha nenda, na mshono wa babu yako nenda nao. Utie kwenye magauni unayotaka."

"Majaruba gani tena, Baba?" aliuliza, na mkasi tayari ulikuwa mkononi mwake.