Pikipiki ya Theluji Iliyokataa Kuzikwa

Usiku wa jana, baada ya kula makande yaliyolala, niliota nimeitwa msibani katika nchi ya theluji. Mimi ni fundi pikipiki hapa Same, joto letu mnalijua, na theluji yote niliyowahi kuishika ni ile inayoganda kwenye friji ya mke wangu, Nakaniwa. Lakini ndotoni nilifika nimevaa kandambili na sikushangaa. Nikasaini kitabu cha wageni.

Marehemu alikuwa pikipiki ya theluji. Kama hujawahi kuiona, mbele haina tairi, ina mbao mbili za kutelezea, na nyuma inasukumwa na mkanda mpana wa mpira. Hii ilikuwa ya njano, kiti kimechanika, imeachwa peke yake nyuma ya milima, mbali na barabara yoyote. Makoleo sita yalikuwa yanachimba kaburi yenyewe, kwa zamu, yakilalamika migongo.

Msimamizi wa mazishi ni kibao cha matangazo, kile cha kuchomeka ardhini, na kimefunga tai. Kinanisomea yaliyoandikwa kifuani mwake: chombo kikiachwa porini, na asitokee mtu wa kukiulizia msimu mzima, kimekufa. Kilichokufa kinazikwa. Nikaona ni sheria safi kabisa. Tatizo ni kwamba marehemu alikuwa anakohoa.

"Mimi sijafa," pikipiki ikasema. "Mkanda umekatika tu. Mwenyewe alisema anafuata mwingine, angerudi kesho yake."

Maneno hayo nayajua, maana niliyasema mimi. Miaka miwili iliyopita niliazima pikipiki ya baba mkwe wangu, Mzee Kiangi, nikamchukulie asali msituni juu ya Chome. Mnyororo ukakatika. Nikaiegesha chini ya mti, nikaipapasa tangi, nikaiambia nakuja kesho. Kesho ikaja na mvua, keshokutwa ikaja na uvivu, halafu ikaja aibu, na aibu ikishaingia ndani haiombi ruhusa ya kukaa. Tangu hapo kila Jumapili asubuhi mzee hunipigia kuuliza habari ya pikipiki yake, nami humjibu ipo gereji, nasubiri kipuri. Fundi mzima, miaka miwili nasubiri kipuri. Na mzee yule nampenda jamani. Ndiye aliyewanyamazisha ndugu zake waliposema binti yao asiolewe na Mchaga.

Kibao kinauliza kama marehemu ana ndugu. Makoleo yanatikisa mipini. Kinauliza kama basi ana hata mtani. Pikipiki inajibu kwamba kwa upande wa injini yenyewe ni Mpare.

Sikufikiri mara mbili. Mchaga na Mpare ni watani tangu enzi, na mtani ana haki ya kuingia kaburini na kulala humo, mazishi yasiendelee mpaka apewe anachotaka. Kwa baba mkwe utani huo nauvua mlangoni kama viatu, mkwe hataniwi. Lakini hapa sikuwa ukweni. Nikaruka ndani, nikalala chali, nikakunja mikono. Makoleo yakasimama, yakanong'onezana kwamba huyu yuko kwenye haki yake. Yakaniletea sukari, nikakataa. Yakaniletea jogoo aliyevaa soksi, nikamkataa pia, ingawa alikuwa mnene.

"Unataka nini ili utoke?" kibao kikauliza.

Nilipogeuza kichwa ili nijibu, kuta za theluji zilikuwa zimeota ukungu na majani. Nipo msituni juu ya Chome. Ubavuni mwangu, humo humo kaburini, imelala pikipiki ya Mzee Kiangi, imefunikwa hadi kwenye usukani kwa blanketi la kijani ambalo sijapata kuliona kwake. Pembeni lina tundu lililochomwa na kiko.

Nikaiomba msamaha. Nikaiuliza kama imeteseka na baridi.

"Mwanzoni," ikasema. "Baadaye mzee akanifunika."

Kibao kinachungulia kutoka juu. Kinasema huyo naye ana miaka miwili porini, basi watazikwa pamoja, itaokoa udongo.

"Huyu anaulizwa," nikasema. "Kila Jumapili."

Kibao kikageuka. Mgongoni kwake zilikuwa zimeandikwa Jumapili zote, kwa mwandiko wa mzee, ule wa kulalia kushoto. Kikasimama hivyo hadi kikahakikisha kwamba hakuna hata moja iliyorukwa.

"Ni kweli," kikasema. "Hii haijafa. Inangojewa."

Nililia humo kaburini, sitaki kuwadanganya. Kisha nikauliza, na ya njano? Kibao kikasema ya njano haina wa kuiulizia. Basi nikasimama, nikajipangusa, nikaiambia pole na safari, nikaiuliza habari ya mkanda. Ikanguruma palepale. Ikateleza kushuka mlima, makoleo yote sita yamepakizana nyuma, na yule jogoo.

Nakaniwa akanipiga teke. Akasema miguu yangu ina baridi ya maiti, niitoe kwake. Kulikuwa kumekucha, Jumapili, na simu ilikuwa inaita.

Nikampa mzee shikamoo. Akaitikia, akaniuliza habari ya pikipiki yake.

"Baba, nimekudanganya," nikasema. "Haikufika gereji hata siku moja. Ipo msituni, mnyororo ulipokatikia. Naifuata leo."

Nakaniwa akakaa kitandani, akanitazama. Kwenye simu nilisikia kijiko kikikoroga chai.

"Najua ilipo," mzee akasema. "Napita pale kila nikienda kwenye mizinga. Nilikuwa nakuuliza ili uje uniambie mwenyewe." Akanywa kidogo. "Basi ukiishusha, usiliache na blanketi langu."

Sikumwuliza blanketi gani. Nilimjibu sawa baba, na lile tundu la kiko nitampa Nakaniwa alishone.

Kijiko kikaacha kukoroga.