Wakwe Walipokuja Kumwona Mathew

Mume wangu Mathew alikuwa mtu wa heshima zake, na mpaka leo heshima hiyo inanikera.

Saratani ilimnyang'anya kibofu, madaktari wakamshonea kifuko cha utumbo kishike mkojo badala yake. Kifuko kikaota mawe. Safari hii hawakumpasua. Walipitisha kamera kwenye tundu dogo tumboni, wakayavunja mawe, wakayanyonya. Wakamwachia mrija tunduni, unaomwaga mkojo kwenye mfuko wa plastiki. Sista alinitolea macho: "Mama, huu mrija usifungwe hata kidogo. Mkojo ukijaa kabla hajapona, kifuko kitapasuka."

Jumapili tukiwa nyumbani Ndanai, binti yetu Chepngeno alipiga simu. Baba mkwe wake, mzee Kipkemoi, alikuwa njiani na watu wa kanisa kuja kumwona mgonjwa.

"Nikae mbele ya mkwe na mkojo unaning'inia?" Mathew akaniuliza.

"Kwani yeye hakojoi?"

Hakucheka. Nikaenda jikoni kuchemsha chai.

Wageni walikuwa wameshaketi nilipoingia chumbani kuchukua kiti, nikaona ule mfuko chini ya kitanda, mtupu. Alikuwa ameuchomoa kwenye mrija. Sebuleni, Mathew alikuwa amevaa koti la harusi ya Chepngeno, amelifunga vifungo vyote. Nikamwita kwa jicho. Akanikata kwa jicho.

Waliomba, wakaimba, wakaomba tena. Mursik, maziwa yetu ya mgando, ikazunguka, naye akanywa kikombe kizima ili asionekane mgonjwa. Jasho lilimtiririka.

"Umepona, mkwe," Kipkemoi akasema. "Kumbe ni katundu tu!"

Mathew akajaribu kucheka, midomo imekauka. Nilishindwa kuvumilia.

"Baba Chepngeno, fungua huo mrija!"

Wageni wote wakageuka kumtazama. Alisimama anikaripie, akashika tumbo, akaanguka.

Kipkemoi ndiye aliyembeba hadi kwenye pikapu. Mrija, ambao Mathew aliukunja na kuufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ulifunguka njiani, mkojo na damu vikalowesha shati jeupe la mkwe.

"Niweke chini, mkwe. Nakuchafua."

"Nyamaza," Kipkemoi akasema, akamkumbatia zaidi.

Kifuko kilikuwa kimepasuka, na sumu ikamwenea mwilini. Alifariki wiki hiyo hospitalini. Mara ya mwisho aliponisemesha, aliniuliza kama shati la mkwe limetakata. Nilimwambia limetakata.

Kipkemoi alikuja mazishini na shati lile lile. Doa halikuwa limetoka, na hakulifunika kwa koti.