Anwani ya Rémi: Mwezini

Katika shule yetu ya bweni, kaskazini mwa Maine, hakuna anayeandika jina lake mara mbili. Septemba unajaza wasifu wako, nao unapaa kwenda kukaa kwenye wingu, ile ghala ya mtandaoni. Tangu siku hiyo kila fomu hujijaza yenyewe: ya jikoni, ya dobi, ya zahanati, ya ruhusa ya kwenda nyumbani. Unaifungua tu, na jina lako linajitokeza polepole kwa herufi za kijivu, kama mtu anayetoka kwenye ukungu wa ziwa. Huwezi kuligusa. Fomu haimsikilizi mtu, inausikiliza wasifu. Ndiyo maana sisi hatuyasomi maandishi ya kijivu. Tunabonyeza "Tuma" na kwenda zetu.

Nasema haya kwa unyenyekevu mkubwa, kwa kuwa mimi, Lowell Varney, ndiye niliyeuchezea wasifu wa Rémi Ouellette, mwenzangu wa chumba.

Jumatatu alikwenda kuoga akaiacha kompyuta yake wazi. Shetani hakunituma, nilijituma. Kwenye anwani ya nyumbani nikaandika: Mwezini, shimo la pili kushoto. Kwenye chakula: Hula mwanga tu. Kwenye mzazi: Kapteni Ukungu, na namba ya simu yangu mwenyewe.

Jumanne mchana Rémi alikabidhiwa sahani nyeupe, safi, tupu.

"Supu yangu iko wapi?"

"Fomu inasema wewe unakula mwanga," alijibu Dot, mpishi wetu, uso mkavu. "Kakae dirishani, mwanangu. Ukitaka nyongeza, fungua pazia."

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Rémi alicheka kuliko wote, akapewa supu, akarekebisha mstari wa chakula. Ule wa anwani aliuacha makusudi. Jumatano mfuko wake wa nguo ulirudi kutoka kwa dobi umeandikwa Mwezini, akaulalia kama mto, akitazama theluji ikishuka bila haraka, na kwa muda nami niliamini kwamba anatoka huko. Mstari wa mzazi hakuuona kabisa.

Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, simu ilitetemeka mfukoni mwangu.

"Kapteni Ukungu, mwanao Rémi anaomba kwenda nyumbani kesho. Unakubali?"

Rémi alikuwa kitandani anakunja shati lake zuri. Baba yake ni baharia. Angekuwa nyumbani Jumamosi na nusu ya Jumapili, kisha arudi melini hadi Mei. Na ruhusa hufungwa saa kumi.

"Mzee hajajibu," alisema. "Si kawaida yake."

Kidole changu kilielea juu ya neno "Nakubali". Ningelibonyeza, yakaisha. Lakini chini yake palikuwa na mstari mwingine, wa kijivu: Basi litamshusha Mwezini, shimo la pili kushoto. Dereva wa basi la shule hamchukui mtu ambaye hajui pa kumshusha. Na fomu ikishatumwa, wasifu hufungwa; ni ofisi ya kumbukumbu tu inayoweza kuufungua.

"Rémi," nikasema, "Kapteni Ukungu ni mimi."

Safari hii hakucheka. "We Lowell! Mpaka Mei, bwana! Unajua Mei ni lini?"

Nilitoka mbio bila koti. Theluji ilikuwa nzito, majengo yamefutika, na nilikimbia kama mtu anayekimbia ndotoni, miguu inakwenda na mahali hapasogei.

Bi Haskell, mtunza kumbukumbu, aliniangalia juu ya miwani. "Nani kafa?"

"Bado hakuna, Bi Haskell. Ila mimi naweza kuwa wa kwanza."

Nikakiri yote, pamoja na shimo la pili na kelele za Rémi kuhusu Mei. Aliikataa fomu, wasifu ukafunguka, akaandika upya baba, namba na nyumba, akaituma tena. Saa kumi kasoro dakika sita. Tukakaa tukitazama neno moja la kijivu: Inasubiriwa. Kasoro nne. Kasoro mbili. Kisha neno likatoweka taratibu, na mahali pake pakatokea jingine, jeusi: Nakubali.

"Sasa wewe," akasema Bi Haskell. "Kila Alhamisi utakaa hapa umsomee kila mwombaji maandishi yake ya kijivu, kwa sauti. Mpaka Mei. Nasikia unajua ni lini."

Ijumaa Rémi alipanda basi bila kuniaga, ila alitabasamu zaidi kidogo kuliko inavyompasa mtu mwenye hasira.

Jumamosi asubuhi Dot alinisukumia sahani nyeupe, safi, tupu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba juzi, nilipotoka mbio, kompyuta yangu niliiacha wazi.

Sikubisha. Niliichukua sahani, nikaenda kukaa dirishani, nikafungua pazia. Theluji ilikuwa imekoma. Sahani ikajaa mpaka ukingoni.