Jina Mwishoni mwa Sifa za Keza

Gakwaya alipofika mwisho wa shairi la kumsifu ng'ombe, fimbo ikiwa bado juu, alisema, "Ni mimi Gakwaya niliyemsifu Keza." Wageni wa sherehe ya mahari pale Mahoko wakapiga makofi.

Mama mzee Nyirasafari akasimama. "Muongo! Hiyo shairi ni ya mutoto wangu Munyaneza."

Shairi lilijulikana Gisenyi nzima. Ng'ombe wa mahari wakitolewa, husifiwa kwa maneno yale, na msifu humalizia kwa jina la mtunzi. Munyaneza aliuawa vitani na kaburi lake halijulikani. Ni hapo tu mama yake alipokuwa akimsikia akitajwa mbele za watu.

"Bon, mama," Gakwaya akacheka, "mi ndiye nilimupatia maneno. Tulisifu pamoja."

"We? Ng'ombe wakikuona tu wanakimbia!"

Watu wakacheka. Habimana, mjomba wa bibi harusi, hakucheka. "Iko shahidi?"

Nyirasafari akamgeukia mjane wa mwanawe. "Verediane, sema."

Verediane aliinamisha kichwa. Keza alikuwa ng'ombe wake, zawadi ya baba yake wa Mudende. Maneno aliyatunga yeye mwenyewe akimkamua, akamfundisha mumewe, maana mwanamke hasimami kusifu ng'ombe mbele za wakwe. Munyaneza aliahidi kwamba siku moja angemtaja.

"Iko sehemu Gakwaya haijui," akasema polepole. "Haisemwi kwenye sherehe."

Akaisema akiwa ameketi. Keza anamlamba ndama asiyesimama. Anamlamba mpaka kunakucha, maziwa yakidondoka kwenye nyasi bila wa kuyanywa. Aliitunga juma lile walilomzika mtoto wao wa kwanza.

Gakwaya alishusha fimbo.

"Inatosha," Habimana akasema. "Donc, mwenye shairi ni nani?"

Nyirasafari alikuwa ameshika pindo la kitenge chake kwa mikono miwili, na midomo yake ilikwishaanza kulitamka jina.

"Munyaneza," Verediane akasema.

Wakamtaka Gakwaya asifu upya, safari hii pamoja na sehemu ya ndama. Alisifu vizuri, sauti alikuwa nayo. Verediane akamsikiliza ndama wake mbele ya chupa za bia na nguo za sherehe, kisha jina la mumewe, kisha makofi.

"Umesikia?" Nyirasafari akamvuta mkono, machozi yakimtiririka. "Mutoto wangu!"

"Nimesikia, mama."